Nilifunga stand ya pikipiki nyumbani na mama mkwe aliyekuwa haniongeleshi

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mtu ameuliza hapa juzi kama stand ya katikati inaweza kufungwa nyumbani bila fundi. Nimecheka mpaka mjukuu wangu akaja kuangalia kama niko sawa.

Inaweza. Nilifanya mwenyewe. Hii stori ni ya ukweli, chumvi nimeweka kidogo tu pale kwa kuku.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nurse wa chanjo kwa dispensary moja upande wa Ikutha. Kazi yangu ilikuwa kubeba chanjo kwa sanduku la barafu na kuzunguka masoko na makanisa, kina mama wananingoja huko na watoto. Ofisi ya Kitui ikanipea pikipiki.

Mwanamke juu ya pikipiki, Ikutha, miaka hiyo! Wazee walikuwa wanasimamisha ng'ombe ili waone vizuri.

Mume wangu Kioko alikuwa anafanya kazi Mombasa, anakuja mara moja moja. Kwa hivyo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama yake. Nilimwita Mwaitu, ndiyo "mama" kwa Kikamba. Mama wa kanisa, mrefu, mikono ya jembe. Na alikuwa ameapa hataniongelesha mpaka nirudishe hicho kitu kwa wenyewe.

Lakini jikoni ni moja, lazima mtu aongee. So alikuwa anaongea na mbuzi.

"Wee mbuzi, ambia mwenye magurudumu chakula kiko tayari."

Na mimi namjibu mbuzi, "Ambia Mwaitu asante, nanawa mikono."

Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima. Huyo mbuzi alikuwa anajua siri zote za hiyo boma.

Sasa shida ikaanza. Ile stand ya kando, ya kulalisha pikipiki upande mmoja, ikakatika. Nikaomba ingine Kitui, wakaniambia ningoje. Nikawa naegemeza pikipiki kwa chochote: mti, ukuta, ng'ombe mpole akipatikana.

Siku moja nimeegemeza kwa mti nje ya kanisa. Nikafungua kamba ya sanduku, pikipiki ikateleza, ikaanguka yote na sanduku lake. Chupa za chanjo zikavunjika.

Kina mama walikuwa wamekaa pale kwa kivuli na watoto, wengine wametembea tangu alfajiri. Nikalazimika kuwaambia warudi siku ingine. Kuna mmoja alifunga mtoto wake mgongoni polepole, hakuniangalia hata, akaenda. Afadhali angenitukana.

Habari ikafika kwa bosi wangu, nitamuita Bwana Mulwa. Akaja mpaka dispensary.

"Sista, hii kitu ikianguka tena naipatia mwanaume. Nitakuja mwenyewe kliniki ya mwisho wa mwezi nione."

Nikasema sawa. Nikaenda nyuma ya dispensary nikalia kidogo, nikapangusa uso, nikarudi kudunga watu sindano.

Kulia hakusimamishi pikipiki. Nikaenda Kibwezi, kwa jamaa mmoja aliyekuwa anauza vitu vya pikipiki zilizokufa. Akanitolea stand ya katikati, nzito, miguu miwili, spring mbili nene kama kidole gumba.

Nikamuuliza, "Ni ya pikipiki kama yangu?"

"Itaingia tu, madam."

Wakuu, mtu akikuambia kitu itaingia tu, muulize na kutoka itatoka aje.

Jumamosi nikaanza kazi. Nilimwaga petroli yote kwa jerikeni, nikalaza pikipiki juu ya magunia kama mgonjwa anayeenda operesheni. Chini yake kuna mahali pa kupitisha bolti ndefu ya kushika stand. Nikasugua kutu, nikapaka grisi, nikapitisha bolti, nikakaza nati. Hapo ilikuwa rahisi hata nikaanza kuimba.

Halafu spring.

Spring unaikwamisha kwa stand upande mmoja, halafu unaivuta mpaka ifike ndoano ya kwa fremu. Na hiyo spring haitaki kuvutwa. Nilivuta na pliers, ikaponyoka, ikapita karibu na sikio langu na ikaingia kwa kuku. Kuku mmoja aliruka juu ya paa na akakaa huko mpaka jioni. (Hapo ndipo penye chumvi, alishuka saa kumi.)

Mwaitu alikuwa amekaa mlangoni anachambua mbaazi. Akasema, "Wee mbuzi, huyu atatoka jicho."

Nikajaribu tena. Ikaponyoka tena, mkono ukachubuka, damu. Nikakaa chini kwa mchanga. Sikuwa na nguvu hata ya kumjibu mbuzi.

Nikasikia ungo umewekwa chini.

"Leta kamba," Mwaitu akasema.

Nikaangalia mbuzi. Mbuzi akaniangalia. Wakuu, alikuwa anaongea na mimi!

"Kamba gani, Mwaitu?"

"Ile ya kuvuta ndama. Na ufunge hiyo mkono kwanza, wewe si nurse?"

Tukapitisha kamba ya katani kwa jicho la spring. Akakaa chini, akakaza leso, akaweka nyayo zote mbili kwa tairi ya nyuma. Mimi nikashika bisibisi, tayari kuisukuma kwa ndoano.

"Nikisema vuta, unavuta."

"Mimi nimezalisha ng'ombe kabla uzaliwe. Nitavuta nikitaka."

Akavuta. Spring ikaanza kufunguka, inalia kii, kii. Nikasukuma na bisibisi, ikaingia tak! Sasa kamba ikalegea ghafla na Mwaitu akaenda kinyumenyume, miguu juu, mpaka ndani ya mbaazi zake.

Nikajua nimekwisha. Nimeangusha mama wa mtu.

Nikasikia sauti kwa mbaazi. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka machozi, anajaribu kuinuka, anaanguka tena anacheka. Mimi nikaanza pia. Majirani walidhani tumepagawa.

Spring ya pili tulifunga kama mafundi.

Tukainua pikipiki. Mimi nikakanyaga stand na kisigino, yeye akainua nyuma kwa keria. Moja, mbili, ikapanda! Ikasimama wima. Tukaizunguka tukiisifu.

Shida ilikuwa kuishusha.

Ile stand ilikuwa ndefu kupita kiasi na imelala mbele sana. Tairi ya nyuma ilikuwa inaning'inia hewani. Nilisukuma, Mwaitu akasukuma, tukasukuma pamoja. Ikakataa kabisa. Pikipiki ya serikali imesimama katikati ya boma kama sanamu, na Jumatatu nina kliniki.

Mwaitu akazunguka mara moja akiwaza, mimi nikainama kuangalia miguu ya stand ikiwa imekanyaga udongo. Nikasema, "Na tukichimba?" Alikuwa ashaenda kuchukua jembe.

Tukachimba chini ya miguu ya stand, yeye upande mmoja, mimi ule mwingine, kidogo kidogo isije ikatuangukia. Pikipiki ikashuka polepole mpaka tairi ikagusa chini. Tukatoa spring, tukatoa bolti, stand ikabaki kwa shimo.

So siku moja nilifunga stand na nikaitoa. Kazi ya bure, mngesema. Lakini usiku huo tulikula tukiongea mpaka taa ikaisha mafuta, na mbuzi akalala mapema.

Jumatatu baada ya kliniki nikarudi Kibwezi na stand nimeifunga nyuma. Fundi wa kuchomelea akapunguza miguu na kuongeza kipande cha chuma cha kuizuia isiende mbele. Tukaifunga tena nyumbani. Ikakubali.

Mwisho wa mwezi Bwana Mulwa akaja. Pikipiki imesimama kwa mchanga nje ya kanisa, sanduku juu yake. Akaisukuma na mkono. Akaisukuma na goti. Haikutikisika.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi na mama."

Mwaitu alikuwa amekuja, amebeba mtoto wa mtu ili mama yake apumzike. Bosi akamwangalia, akaangalia ile mikono, akasema, "Haya, endeleeni na kazi."

Na yule mama aliyeenda bila kuniangalia alikuwa kwa laini. Mtoto wake alilia kama king'ora nilipomdunga. Nilifurahia kile kilio, Mungu anisamehe.

Niliendesha hiyo pikipiki mpaka nikahamishiwa Kwa Vonza, miaka ya tisini imeanza. Ofisi ikatuma kijana aichukue, eti pickup iko nyuma inakuja.

Nikaingia ndani kumtafutia funguo, nikakawia huko kuziona. Nikitoka, Mwaitu amelaza pikipiki kwa magunia, spring zimetoka, anafungua bolti.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Pikipiki ni ya serikali. Wachukue. Hii tulinunua sisi."

Kijana akainua pikipiki, akaangalia chini, akaangalia kushoto, kulia. "Sasa mama, nitaisimamisha na nini?"

Mwaitu alikuwa anafuta grisi kwa mikono.

"Shikilia," akamwambia.

Pickup ilichelewa sana siku hiyo.

Basi wakuu, nilichojifunza: pima stand kabla ya kulipa, tairi ya nyuma iguse hewa kidogo tu. Uso usikae mbele ya spring. Petroli toa kwanza. Na kama kuna mtu kwenu hamuongei, usimuombe msamaha kwanza. Mwambie avute kamba.

Wale mshawahi kufinywa na spring, leteni ushuhuda hapo chini. Na kama uko na njia rahisi kuliko mama mkwe, pia useme, ingawa nina shaka.