Mama Huitwa kwa Wimbo

Mimi na wimbo wa polepole hatuelewani, nisije nikawadanganya. Redio yangu pale kwenye meza ya nafaka, soko kuu hapa Sumbawanga, haimalizi wimbo. Nikisikia mwimbaji anavuta maneno utafikiri ana mchana mzima wa kupoteza, nahamisha stesheni. Jirani yangu muuza maharage alishalalamika mpaka akachoka: "Mama Salome, tuachie hata mmoja ufike mwisho, jamani!" Hata kwaya niliimba, sauti ya pili, nikaombwa kwa upole nikapumzike, maana nilikuwa nawaacha wenzangu nyuma halafu nawasubiri mbele. Napenda dansi la zamani, lile la magitaa yanayofukuzana. Napenda kwaya yenye ngoma na kayamba. Taarabu ya mipasho nayo, Mungu anisamehe, naipenda, ila si wakati wa Kwaresima.

Sasa angalia mambo yalivyo. Mtu wa namna hiyo, Cornelia mimi, wimbo ulionishika maisha yangu yote ndio unaokokota miguu kuliko zote.

Uliingia kwetu na wifi yangu Rozina. Mdogo wangu Oswaldi alimwoa tukiwa bado kijijini, kule juu upande wa Kaengesa, enzi hizo redio zetu zikikamata Zambia vizuri kuliko Dar es Salaam. Kulikuwa na bendi moja ya huko ikiimba Kibemba, wimbo wa mtu anayemngoja mwenzake njiani. Rozina alikuwa akimbembelezea mtoto wake wa kike, ndiye Salome. Mtoto hajaweza hata kusimama dede, mama yake akaaga kwamba anakwenda Kasesya kuchukua vitenge vya kuuza. Akafika Kasesya, akavuka mpaka, akapata maisha upande wa pili. Oswaldi naye akashuka ziwani Kirando kutafuta samaki na akili zake. Mtoto akabaki mgongoni kwangu.

Na alikuwa analia yule! Napepeta ulezi naye mgongoni, namwimbia za kwangu zote, za kanisani, za dansi, za harusi, wapi! Siku moja, kwa hasira, nikamwimbia ule wa mama yake, kama namkomoa vile. Kimya. Nikanyamaza, akaanza upya. Basi nikawa mtumwa wa ule wimbo. Nikiukimbiza kidogo, analia, kwa hiyo ilibidi niuburuze vilevile unavyotaka, huku uso nimeukunja. Maneno mengine nilikuwa siyajui, nikawa najazia ya Kifipa. Ameumwa malaria, nimeimba. Ameogopa radi, nimeimba. Amefeli mtihani wa kidato cha pili akajifungia chumbani, nimekaa nje ya mlango, mtu mzima mimi, nimeimba.

Alipokua aliniuliza, "Mama, wimbo huu uliutoa wapi?" Nikamwambia ukweli: ni wa mama yako aliyekuzaa, alikuwa anakuimbia ukiwa mchanga. Akaendelea kuosha vyombo. Sikutaka kumlisha mtoto uongo, na mpaka leo sijuti.

Mwaka huu, mavuno yalipokwisha, Salome akaposwa na kijana wa Laela. Mtoto ana kazi yake, anauza dawa duka la pale karibu na stendi. Tukapanga sherehe ya kumuaga ukumbi wa parokia, na mshereheshaji tukamchukua Faruk, yule kijana mwenye spika kubwa anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi. Faruk ana utaratibu wake na mji mzima umeupokea. Kwenye sherehe zake mama wa binti haitwi kwa jina. Binti anachagua wimbo kwa siri, anampa Faruk, na keki ikishakatwa wimbo unapigwa. Mama, popote alipoketi, anatakiwa ajue kwamba ni yeye, ainuke, aje akicheza, alishwe keki mbele ya watu wote. Wengi huwa wanadokezwa mapema kwa mlango wa nyuma. Mimi sikudokezwa na mtu.

Wala nisingehangaika, kama Oswaldi asingepiga simu.

"Dada, Rozina nimempata. Anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Kwenye sherehe. Ndiye mama yake, dada."

Nikakata simu. Nikapiga tena kumwuliza kama amelewa. Hakuwa amelewa.

Tangu hapo kiti kikawa hakikaliki. Naamka kabla ya kengele ya misa, nafagia uwanja uliofagiwa, baridi ya Ufipa inanichoma masikio wala sijali. Nafika sokoni nimesahau mizani, narudi nyumbani, nafika nyumbani nimesahau nilichofuata. Redio ndiyo ikanitesa kabisa. Sasa kila wimbo nausikiliza mpaka mwisho, najiuliza, ndio huu? Atakuwa amechagua huu? Jirani yangu wa maharage akashangaa, akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa na wivu. Acha niseme wazi tu. Wimbo ule ukipigwa ukumbini, anayeitwa ni Rozina, maana mimi mwenyewe kwa kinywa changu nilimwambia mtoto kwamba ni wa Rozina. Nami nitabaki kwenye kiti na gauni langu jipya, soko zima likinitazama, napiga makofi kwa ajili ya mwanamke aliyeondoka.

Nikamfuata Faruk kibandani kwake na mfuko wa unga wa ulezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unga huu wa mama yako, mpelekee. Eti, Salome kakupa wimbo gani?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mama Salome, wewe! Unanihonga uji?"

"Sijakuhonga. Nimeuliza tu."

"Nikisema, nani ataniamini tena mji huu? Tulia, mama. Siku ikifika utausikia kama wengine."

"Ni wa polepole au wa haraka?"

"Mama, nenda nyumbani."

Unga niliuacha. Ningeurudishaje, na watu wanatuangalia?

Kwa Salome mwenyewe nilizunguka wee, mara napanga vikombe, mara navipangua. Mwisho nikamwambia, "Nasikia nyimbo za siku hizi nzuri kwa kuchezea." Akaniangalia. "Mama, kaa unywe chai," akasema. Nikakaa, chai ikapoa, sikuinywa.

Rozina alifika siku moja kabla ya sherehe, na mabegi yake na vitenge vizito vya zawadi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nikashindwa, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Anacheka vizuri. Alinipigia magoti kunisalimu. Jikoni akawasha simu yake, nyimbo mpya tupu za kule kwao, akawa anakatakata mboga huku anacheza, na anacheza haswa, siwezi kumnyima sifa yake. Mwanamke mmoja wa jumuiya akaingia, akaita, "Mama Salome!" Tukageuka wote wawili. Yule mama hakujua aangalie wapi, akasema amekuja kuazima ungo. Nikampa ungo wa kwanza niliouona, umetoboka.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Oswaldi alivaa suti, akakaa nasi meza ya wazazi, kimya, kama kawaida yake pakihitajika mtu wa kusema. Mimi nilikaa katikati, Rozina ubavuni kwangu, kavaa kitenge cha kung'aa. Mguu wangu chini ya meza haukutulia hata dakika moja. Oswaldi akanong'ona, "Dada, meza inatikisika." Nikamwambia atikisike nayo.

Keki ikakatwa. Salome alisimama pale mbele, mzuri jamani, kipande cha keki mkononi kwenye sahani ndogo. Faruk akashika kipaza sauti. "Sasa, wapendwa, binti anamwita mama yake. Sitaji jina. Mama anajijua."

Likaanza gitaa moja, la kanda ya zamani, linakwaruza. Hata kabla sauti haijaingia niliujua. Sijui Faruk aliupata wapi, pengine kwa madereva wa malori wa Kasesya. Ulikuwa ni ule ule.

Basi, nikajisemea. Imekwisha, Cornelia. Nikainamisha macho kwenye kitambaa cha meza, nikapanga tabasamu usoni, nikaweka mikono tayari kwa makofi. Nikangoja kusikia kiti cha Rozina kikisogea.

Hakikusogea.

"Mama! Mama yuko wapi?" Faruk akapaza sauti. Vigelegele vikapigwa, vile vya utani. Mtu nyuma akapiga kelele, "Kalala!" Watu wakacheka. Nikadhani Rozina anaona haya, si ajabu, baada ya miaka yote hiyo. Nikageuka nimguse bega, nimwambie inuka, unaitwa. Kwa kweli nilikuwa nimeshaunyanyua mkono.

Alikuwa anapiga makofi. Kanyoosha shingo, anaangaza meza hii, meza ile, anatabasamu, anamtafuta huyo mama kama walivyokuwa wanamtafuta wengine. Akaniinamia sikioni.

"Wifi, kawimbo kazuri haka! Ka wapi?"

Nilimwangalia nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa meupe kabisa, hana habari. Hasira ikanipanda mpaka kooni, nikatamani nimzabe kibao mbele ya paroko. Umenitesa na wimbo huu! Nimeuimba mpaka nimepoteza sauti, mtoto wako ameukulia, na wewe huujui? Halafu hasira yenyewe ikakosa pa kukaa. Kwake ulikuwa wimbo wa redio tu, uliimbwa msimu ule, ukapita, zikaja nyingine. Hata mimi zimenipita nyingi hivyo, sizikumbuki hata moja. Nikamwonea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko wivu.

Nikainua macho. Salome alikuwa bado amesimama pale mbele na sahani yake, keki imeanza kumporomoka. Hakuwa anaangaza huku na huku. Alikuwa ananitazama mimi, machozi yanamtoka, midomo inafuatisha maneno. Pale bendi ilipoimba Kibemba, yeye aliimba Kifipa.

"Wifi," Rozina akanivuta mkono, "wanamwita nani?"

"Mimi," nikamwambia. "Ananiita mimi."

Nikainuka.