Kikao cha Wanaume Juu ya Tumbo la Mdogo Wangu

Sijawahi kumheshimu baba mkubwa wa shemeji yangu, na sioni sababu ya kuanza sasa. Ni mtu wa Swima, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mwenye sauti nzito na kazi nyepesi. Mahari, msiba, mpaka wa shamba la muhogo, ugomvi wa nyavu, yote katika ukoo wao yanamngojea yeye aseme. Mdogo wangu aliolewa humo. Alipopata uchungu wa mimba yake ya kwanza, naye akawekwa kwenye foleni.

Mimi ninakaa mjini Baraka, nauza mawese sokoni. Asubuhi ile aliyenipigia simu ni jirani wa mdogo wangu, mama mmoja muuza samaki, siyo mumewe. Aliniambia uchungu umeanza tangu jana, na muuguzi wa kituo cha afya amempima akaona mtoto hashuki. Amesema apelekwe hospitali ya Baraka mara moja akapasuliwe.

"Basi wako njiani?" nikauliza.

"Hapana, yaya," akaniita dada mkubwa, kama mdogo wangu anavyoniita. "Bamemurudisha ku nyumba. Banangojea baba mukubwa."

Nilimwachia mwenzangu meza, nikapanda pikipiki. Nilipofika Swima jua lilikuwa limesimama kichwani. Wanaume walikuwa wameketi uani kwenye viti vya plastiki, na katikati yao yule mzee, anakula. Bugali na mikebuka, samaki wa ziwa letu. Aliniona, akaitikia salamu yangu kwa kidevu, akaagiza aongezewe pilipili.

Kichwani alikuwa na kofia ya semina. Kabla ya hapo kijiji kilimchagua akakiwakilishe kule Baraka, kwenye mafunzo ya kuzuia vifo vya akina mama na vichanga. Alikaa kule siku kadhaa, akanywa soda, akapigwa picha, akarudi na kofia iliyoandikwa kwamba mama asife akizaa. Mafunzo yalikaa juu ya kichwa. Ndani hayakuingia.

Alipolamba vidole ndipo akatoa uamuzi. "Kuko kitu anaficha. Aseme jina ya ule mwanaume alizini naye. Akisema, mutoto atatoka."

Wengine wakatikisa vichwa, watu wazima kabisa, wengine wao na watoto wa kike majumbani. Nikawaacha na busara yao, nikaingia ndani.

Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Mama mkwe wake na wanawake wawili wa ukoo walikuwa wamepiga magoti kando yake. Hawakuwa wamemletea hata maji. Walikuwa wanaomba jina.

"Sema tu, binti yetu. Tutakusamehe."

Alinishika mkono. "Yaya, mi sina jina ya kusema. Ao nibatungie moja?"

Nilitoka kumtafuta mumewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba anashona wavu ambao haukuwa umetoboka.

"Shemeji, bibi yako anakufa."

"Mi nifanye nini, shemeji? Baba mukubwa hajaruhusu."

Huyu ni mtu anayeingia ziwani mawimbi yakiwa juu ya kichwa chake, anavuta nyavu ambazo mimi siwezi hata kuzisogeza. Lakini kumwinua mke wake mwenyewe kutoka kwenye mkeka, alihitaji ruhusa ya mtu anayetafuna. Nilimtazama mpaka akainamisha uso, kisha nikarudi uani.

"Baba, samahani kukukatiza. Muuguzi alisema aende Baraka tangu jana."

"Mambo ya kuzaa iko ya bamama," mzee akasema. "Enda ukae na benzako."

"Kama iko ya bamama, mbona inakungojea weye?"

Mmoja alianza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mzee akasema kwamba mwanamke anayejibu wazee ndiye anayeharibu uzazi wa ndugu zake. Nilimwita yule jirani muuza samaki, tukaingia ndani, tukamkalisha mdogo wangu, tukajaribu kumsimamisha. Alikuwa mzito kama aliyezama. Ndipo shemeji akaingia, akambeba mikononi na kutoka naye kwa mlango wa mbele, mbele ya viti vyote.

Pwani ya ziwa tulikuta mfanyabiashara mmoja Mwislamu anapakia magunia ya unga kwenye bwato lake la injini. Hakuuliza sisi ni ukoo gani, wala nani ameruhusu.

"Anatoka damu?"

"Bado, baba."

"Mushushe magunia ya mbele. Alale pale."

Katikati ya safari mdogo wangu aliweka kiganja changu chini ya mbavu zake. "Yaya, hachezi tena." Nilisikiliza kwa mkono wangu. Nilisema pengine amelala. Hakuna aliyeniamini, hata mimi.

Hospitalini walimpasua mara tu tulipofika. Mtoto alikuwa wa kiume, mzuri, na amekufa. Mama akatokwa na damu nyingi, ikatafutwa ya kumwongezea, na ya shemeji ikakubali. Alilala kando ya mkewe, bomba mkononi, analia bila sauti. Hapo kwa mara ya kwanza sikumdharau.

Daktari alitueleza akiwa amesimama, amechoka. "Mutoto alilala vibaya, njia ikafungwa. Hakuna neno mama angesema limugeuze. Kilichomuua ni kukawia. Na mimba ingine, uchungu usimukute Swima. Mumulete mbele ya siku yake."

Mzee alikuja msibani. Alisimama akatangaza, kwa ile sauti yake, kwamba mtoto ameondoka na siri ya mama yake. Mdogo wangu alikuwa bado hospitalini na nyuzi tumboni. Nikasimama nami.

"Mutoto alikufa tukikungojea umalize kula. Daktari ametuambia."

Wanaume wa ukoo walinitaka niombe msamaha na nilipe mbuzi. Sikuomba, sikulipa. Baadaye walinijia mmoja mmoja wakinong'ona kwamba nimesema kweli. Hao ninawadharau kuliko yeye. Yeye angalau upumbavu wake anausema kwa sauti.

Mimba iliyofuata shemeji hakuuliza mtu. Alimleta mkewe nyumbani kwangu Baraka tumbo likiwa bado halijafika mwezi wake, akabeba godoro mwenyewe. Kila alipoitwa kupimwa walikwenda wawili. Mamangu mdogo alisema mwanaume kukaa kwenye benchi la wajawazito ni aibu. Shemeji akajibu kwamba aibu anaijua, na siyo hiyo.

Walimpasua siku waliyopanga. Msichana. Alitoka kimya, muuguzi alitusimulia baadaye. Wakamkausha, wakamsugua mgongo, wakamwekea kifuko cha hewa puani na mdomoni, wakakiminya polepole. Nyuma ya mlango tulisikia kitu kama paka, kisha kilio kamili. Walimlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika pamoja.

Mdogo wangu aliporudi kwangu, mzee akaja na wenzake kutoka Swima. Alikuwa amekuja kumpa mtoto jina.

"Mimi ndiye nilisema aletwe mapema," akawaambia wenzake, akitazama huku na huku.

Ninajua watu waongo wengi. Sokoni tunaishi nao. Lakini wengi wao macho huwa yanacheza kidogo. Ya huyu yalitulia kabisa.

"Baba mukubwa, jina tumeshamupa," shemeji akasema.

Mzee akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Mdogo wangu, yule waliyemtaka aseme jina, hakumtoa kwenye titi.

"Unawe kwanza, baba. Kitovu haijapona. Maji na sabuni iko pale."

Alitazama nani atainuka kummiminia. Tulikuwa wanawake wengi chumbani mle, na kila mmoja alikuwa ameketi vizuri. Akaenda mwenyewe, akainama, akaanza kunawa.

"Na kucha," mdogo wangu akasema.