Marehemu Amefaulu Mtihani wa Usalama Kazini

Jamani, vituko vya kazini nimeviona vingi, ila hiki kilitutoa jasho.

Mzee Adinani, mwendesha pampu wetu, tulimzika Jumapili. Jumanne asubuhi kundi letu la WhatsApp la kazini likalia:

"Hongera Adinani! Umefaulu somo la Usalama wa Mitambo kwa asilimia mia."

Mwenzetu Recheli akadondosha kikombe cha chai. "Kwa jina la Yesu!"

Abbasi, dereva wetu, akausoma ujumbe tena. "Mzee hata simu ya kupangusa hakuwa nayo. Kumbe huko alikokwenda mtandao uko vizuri."

Tukacheka, lakini kicheko cha woga.

Mimi naitwa Consolatha. Najaza asali kwenye chupa, kiwanda kidogo tu huku Itetemia, Tabora. Asali inakuja kwa madumu kutoka Usoke na Kaliua, sisi tunachuja na kufungasha.

Makao makuu Dar walikuwa wametuletea mfumo wa kujifunzia kwa simu. Unaangalia video, unajibu maswali, unapata cheti. Kitu kizuri kabisa.

Shida ilikuwa bosi wetu, Leodgar. Alikusanya namba za siri za watu wote. "Nyie mtazisahau, acheni niwatunzie."

Basi vyeti vikawa vinaingia vyenyewe. Video hatujaona hata moja! Ukimuuliza masomo yanaanza lini, anakujibu, "Mfumo unashughulikia."

Siku hiyo tukamfuata ofisini.

"Bosi, Mzee Adinani amefaulu."

"Nimeona. Igeni mfano wake."

"Bosi, amekufa."

Akakuna kichwa. "Mfumo haujapewa taarifa."

Si ndo makao makuu wakatangaza tawi letu linaongoza nchi nzima, na mwanafunzi bora ni Mzee Adinani! Mkuu wa mafunzo, Bi Apolinaria, akafunga safari kuja kumkabidhi zawadi mkononi.

Tukampokea kwa shikamoo, akaitikia marahaba, mama mpole tu. Kisha akauliza, "Adinani yuko wapi?"

"Amesafiri, mama," Leodgar akasema.

"Anarudi lini?"

Abbasi akadakia: "Hiyo safari, mama, harudi mtu. Tutamfuata sisi."

Kabla mama hajaelewa, tukasikia ukelele.

Shamila, mwenzetu wa kuchuja, alikuwa ameinama kuokota kizibo karibu na pampu ya kusukuma asali. Mtandio wake ukanaswa na mkanda wa mota. Ukawa unamvuta shingo, macho yamemtoka.

"Zima!" Leodgar akapiga kelele.

"Wapi?"

"Kitufe chekundu!"

Pampu yetu haina kitufe chekundu. Aliyejua kuizima ni Mzee Adinani, na tulishamfukia. Tangu siku hiyo ilikuwa inanguruma usiku na mchana.

Mimi nikakimbilia ukutani, nikavuta swichi kubwa ya umeme. Jengo zima zii. Shamila akaanguka sakafuni, anakohoa, shingo imechubuka mpaka damu. Lakini anapumua. Nikamkumbatia nikalia kama mtoto.

Bi Apolinaria akatugeukia. "Nani hapa amefaulu somo la kuzima pampu?"

Mikono yote juu.

"Nani amelisoma?"

Mikono yote chini.

Isipokuwa mmoja. Wa Leodgar.

Aliusahau juu, masikini. Kumbe mitihani yetu yote alikuwa anaifanya yeye, hadi ya marehemu! Video zote ameangalia, maswali yote amepata, na pampu ya kwake mwenyewe hajui inazimwaje. Kile kitufe chekundu alikiona kwenye video, mashine ya watu wengine.

Tukasema leo kibarua chake kimeota nyasi.

Wapi! Mama aliandika ripoti yake, sijui waliisoma kina nani. Mwezi ulipoisha tukasikia Leodgar kapandishwa cheo, kahamia Dar. Anafundisha matawi mengine jinsi ya kufikisha asilimia mia.

Sisi tukabaki na pampu yetu. Abbasi akamtafuta fundi, akatuonyesha swichi ilipo. Shamila, bandeji shingoni, akasimama pale, Recheli akamrekodi kwa simu: "Swichi iko huku nyuma, chini ya kifuniko. Ila vua mtandio kwanza, usije ukayaona niliyoyaona."

Akija mfanyakazi mpya tunamtumia ile video. Akimaliza kuangalia, Shamila anamshika mkono hadi kwenye pampu inayonguruma, anamwambia: "Haya, izime."

Ndugu yangu, simu ikufundishe, sawa. Ila asikwambie mtu umejua kazi mpaka mkono wako uizime hiyo mashine.