Mpini Uliokwama na Mtoto wa Meza

Kwetu Wakomoro nyumba ni ya mke. Mume huingia na nguo zake, na akiondoka huondoka nazo. Ndiyo maana nilipoona mkoba wa mume wangu umefungwa karibu na mlango, niliogopa, kisha nikapandwa na hasira.

Alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto kule bandari ya Ankify, kamba ya boti ilipombana. Tukahama kisiwa cha Nosy Be, tulikokuwa tukikaa, tukaja Mahajanga, Madagaska bara, kwenye nyumba aliyoniachia mama mtaani Tsaramandroso. Miaka ya tisini ilikuwa inaanza. Akapata kazi zizini, kuwatia alama ng'ombe wa kusafirishwa Komoro. Alama zilitiwa kwa bunduki ya rangi: unavuta mpini wa pampu nyuma, unausukuma mbele, unafyatua, kidonge cha rangi kinampasukia ng'ombe mgongoni. Kwa vidole viwili mpini ulimponyoka, basi akauongezea kishikio cha mti ubavuni, aukumbatie kwa kiganja. Sasa aliushika vizuri, lakini ukawa unakwama. Msimamizi akamwambia meli ijayo ikimkuta hivyo, kazi atapewa mwingine.

Akatia mafuta ya mashine. Akatia sabuni. Akatia mafuta ya ng'ombe, nyumba nzima ikanuka zizi.

"Unaitengeneza au unaipika?" nikamwuliza. Hakucheka.

Meli ilikuwa kesho yake nilipouona ule mkoba.

"Waenda wapi?"

"Nosy Be, kwa dada yangu. Mwanamume hakai bure nyumbani kwa mwanamke."

 Nikaiendea meza ya marehemu mama, nitazame kama mume wangu kayachukua mashati yake kweli. Nikamvuta mtoto wa meza kwa pembe moja, akakwama, kama kawaida yake. Ni mpana na mfupi. Ukimvuta upande hukaa mshazari akang'ang'ania. Mama alinigombeza utoto mzima: "Mikono miwili, we!"

Nikamvuta kwa mikono miwili, nikacheka peke yangu, na huku ndani hamna shati hata moja.

"Njoo uone," nikamwita. "Mpini wako nao unauvuta upande. Tundu lake linalopita chuma cha bunduki ni fupi, ndiyo maana unalala mshazari. Mafuta yatafanya nini hapo?"

Akamvuta mtoto wa meza, akamrudisha, akamvuta tena.

"Tundu lirefuke," akasema polepole. "Nipate bomba la shaba, jembamba..." Macho yakaenda kwenye fimbo ya shaba, tupu ndani, ya pazia la kitanda chetu, yakashuka haraka. "Ile si yangu."

"Na wewe si wangu?"

Nikaleta msumeno, nikakata kipande mwenyewe. Tukakiingiza ndani ya tundu la mpini, tukakisugua kwa msasa, na mpini ukaenda na kurudi bila kinyongo.

Kesho yake nilisimama kwenye ua wa zizi, sina aibu, nikitazama. Ng'ombe wa kwanza akapata doa jeupe mgongoni, wa pili naye, na wa tatu. Mpini haukukwama. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, wachungaji wakageuka. 

Nikarudi nyumbani kabla yake. Nikaufungua mkoba, nikayarudisha mashati ndani ya mtoto wa meza, nikamsukuma kwa mikono miwili.