Tangazo Nililolinakili

Katika ofisi yetu hakuna anayeandika barua mpya. Unatafuta ya zamani, unabadilisha tarehe na jina, unampelekea shefu, mkuu wa ofisi, aipige muhuri. Nimefanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka nilipochukua karatasi iliyokuwa ya zamani kupita kiasi.

Niliikuta ndani ya sanduku la makaratasi ya bandari, yaliyoletwa kwetu yapangwe. Lilikuwa tangazo la wakati wa Wabelgiji, upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Kiswahili. Sehemu ya juu ilisema bendera nyekundu ikipandishwa bandarini, upepo mkali unakuja ziwani, kila mwenye mtumbwi arudi ufukoni mara moja. Sehemu ya chini ilikuwa ya afya: ni marufuku wenyeji kuanika samaki ufukoni, vichanja vitaondolewa, atakayebisha atafungwa. Kiswahili chake kilinyooka, hakina porojo. Nilikipenda, naona haya kusema.

Ziwa lilipopanda na watu wa ufukoni wakaanza kuharisha, shefu alitaka tangazo kabla ya saa sita mchana. Sikujisumbua. Nilinakili ile sehemu ya chini neno kwa neno, nikaondoa "wenyeji" nikaweka "wananchi". Ya upepo niliiacha, maana mlingoti wa bendera haupo tena, na hakuna aliyeniuliza habari za upepo. Shefu alisoma, akasema hatimaye tumepata mtu anayejua kuandika. Nilivimba kichwa siku nzima.

Jumapili iliyofuata shangazi yangu alikuja kwangu Ngagara kutoka Kajaga, kule ufukoni, na kifurushi cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa kuwa hajawahi kufika kwangu mikono mitupu. Ni dada mkubwa wa baba. Amekausha ndagala tangu akiwa msichana, na ndagala hizo ndizo zilizoninunulia sare ya shule. Alifungua pindo la kitenge chake akatoa karatasi aliyoibandua kwenye nguzo. Yeye hakusoma shule. Alitaka nimsomee, kisha niende kuwaombea yeye na wenzake huko ofisini, kwani mimi ndiye mtu wao serikalini. Vichanja vyao vilikuwa viondolewe Jumatano.

Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye neno "atakayebisha" alinitangulia, akamalizia mwenyewe, macho ameyafumba. Shati lilinilowa mgongoni.

Aliniambia kwamba alikuwa mtoto mdogo maneno hayo hayo yaliposomwa mbele ya mama yake, na siku chache baadaye vichanja vyao vikachomwa moto. Akaikunja ile karatasi.

"Lakini ile ya zamani ilituambia hata upepo," alisema. "Baba aliona bendera, akarudi nyumbani. Hii haituambii kitu, inatufukuza tu. Ni mutu gani aliandika hii?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu sebuleni, na yeye amenisamehe mengi tangu utotoni.

"Sijui, shangazi," nilisema. "Nitauliza."

Alinishukuru kwa mikono miwili, heshima ambayo mimi ndiye niliyepaswa kumpa yeye. Jumatatu nilipita mbele ya mlango wa shefu mara tatu bila kubisha hodi. Niliogopa atajua ile kazi aliyoisifu nilikuwa nimeitoa wapi. Jumanne sikupita kabisa. Jumatano vijana wa kazi walikwenda Kajaga na nyundo, wakamaliza kabla ya jua kuwa kali.

Siku hizi shangazi anauza nyanya kidogo mbele ya nyumba. Kila nikienda kumsalimu ananifutia kiti, kisha ananiuliza kama nimeshamjua yule mtu aliyeandika. Mimi namjibu kwamba bado natafuta.