Darubini ya Mgeni

Juzi asubuhi, pembeni ya msitu wa hifadhi karibu na Rwamgasa, mgeni kutoka Ghana alikuwa ameelekeza darubini kwenye mninga mmoja. Alipoishusha, tulishajaa nyuma yake. Huku kwetu ukikazia macho mahali pamoja tu, watu wanakuja kuchimba. Wachimbaji wawili wa dhahabu walikuwa na sururu tayari.

"Shikamoo mzee. Kuna mali hapo?" mmoja akauliza.

Dereva wa mgeni akatafsiri jibu: "Anaangalia hondohondo. Jike amejiziba ndani ya tundu la mti, dume anamlisha. Hata kwao anatembeza watu hifadhini kuangalia ndege."

"Ghana si kwenye dhahabu? Atoke huko kote afuate ndege?"

Mgeni akampa darubini. Mchimbaji akatazama, mdomo wazi, dume akipenyeza tunda kwenye ufa.

"Kweli anamlisha!" Akairudisha kwa mikono miwili. "Ndege mzuri. Sasa muulize, chini ya mti kuna nini?"

Tulicheka wote, mgeni akituzidi. Lakini wakati wa kuondoka nilimwona mgeni huyo amebaki nyuma peke yake chini ya mninga, anageuza jiwe kwa ncha ya kiatu.

Ule mninga tuuombee.