Nimesikia sauti ya kaka yangu aliyepotea kwenye remake ya Afande Moshi

Wakuu, salaam. Niko Arua, West Nile, Uganda. Kiswahili changu ni cha kuokoteza shuleni na mitandaoni, kwa hiyo watu wa Dar mkinikosoa, fanyeni taratibu. Ninachosimulia kimetokea wiki mbili hizi na sijatia chumvi.

Mimi ni mwanamke, nina kibanda cha kuwekea watu sinema kwenye flash na simu. Wazee wa PM, kaeni mbali.

Waliokua miaka yangu wanakumbuka series za zamani za majasusi wa kizungu: suruali bugaluu, miwani mikubwa, kalamu inayotoa moshi. Jasusi wetu jina lake halisi hatukulijua. Tulimwita Afande Moshi, na aliyempa jina hilo ni kaka yangu Rajabu.

Rajabu alikuwa VJ nyumbani kwetu Koboko. Yaani yule anayekaa na mic kwenye banda la video akitafsiri sinema huku inaendelea. Nyie wengine mnamwita DJ.

Alikuwa hatari. Mashujaa wa katuni wenye barakoa na joho aliwapa koo za kwetu, wengine akawapa mpaka wakwe wasumbufu. Na kila Afande Moshi alipotaka kuruka kutoka juu, Rajabu aliingiza salamu zake: "Mama Zaituni wa Koboko, niombee, mimi naruka!"

Zaituni ndiye mimi, kwa hiyo huyo ni mama yetu. Banda zima lilikuwa linaitikia amina.

Miaka tisa iliyopita alibeba mashine yake, akavuka mpaka pale Vurra kwenda kuonyesha sinema Congo. Simu ilipatikana wiki mbili, kisha kimya. Tulitafuta hadi tukachoka. Kanda zote alizorekodia tafsiri zake zilibaki kwa mwenye banda, naye aliziuza akahama. Hatukubaki na sauti ya Rajabu hata sekunde moja.

Masheikh walitaka tumsomee dua ya marehemu. Mama akakataa katakata. "Mutu iko hai hawasomei dua," alisema.

Basi miaka tisa Rajabu kwetu hakuwa hai wala hakuwa amekufa. Hali hiyo wakuu, msiiombe.

Mwaka huu wakatoa remake ya Afande Moshi. Siku hizi kila cha zamani kinarudishwa, sura mpya, suti mpya, drone kila mahali. Dereva mmoja wa lori wa njia ya Vurra akaniletea flash yenye hiyo remake, imeshatafsiriwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, wateja watatu wamesimama mbele yangu. Nikabonyeza play ili niikague.

Rajabu akaanza kuongea.

Nilishika meza. Ule mkwaruzo, ule mcheko wa puani, vile anavyovuta pumzi kabla ya utani. Akataja drone. Akamwambia adui amtumie location. Sinema ya mwaka huu, wakuu!

Kisha Afande akasimama ukingoni mwa ghorofa, na ile sauti ikasema: "Mama Zaituni wa Koboko, niombee, mimi naruka!"

Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja, ila hofu ndiyo ilikuwa kubwa zaidi.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kuchunguza kwanza, nilifunga kibanda, nikapanda gari la Koboko, nikamsikilizisha Mama kwenye simu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Akaomba nirudie pale pa salamu. Nikarudia. Akaniambia tu, "Enda, ona huyu mutu."

Kesho yake nilivuka na yule dereva hadi Aru, upande wa Congo, alikoipata ile flash. Alinifikisha kwenye banda la mabati, na nikiwa bado nje nikamsikia Rajabu anatafsiri sinema ya saa nane mchana. Nikafunua pazia.

Aliyeshika mic alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwa kizima. Sikuwahi kumwona maishani. Mdomo ulikuwa wa kwake, sauti ilikuwa ya kaka yangu.

Nilisubiri amalize, nikamweleza mimi ni nani. Akanieleza kwamba alizipata kanda za Rajabu sokoni, akajifunza kazi kwa kuzisikiliza kila siku, miaka na miaka, akakariri hadi kikohozi. Rajabu mwenyewe hakuwahi kukutana naye. Nikamuuliza, na hizo salamu za Mama Zaituni?

Akashangaa kabisa. "Ile haiko maneno ya sinema? Mi nilifikiri Afande anaombaka mama yake kila mara mbele ya kuruka."

Nikamwomba aongee kwa sauti yake mwenyewe, hata jina lake tu. Akafungua mdomo, akafunga. Akajaribu tena.

"Dada, sauti yangu njo hii," akasema, na aliyesema alikuwa Rajabu.

Nilitoka bila kuaga.

Njia nzima ya kurudi Koboko nilikuwa napanga uongo. Nimwambie Mama kwamba Rajabu yuko salama, ana kazi nyingi, atapiga simu. Nilipoingia tu, akaniwahi.

"Si yeye."

"Ulijua?"

"Toka siku ile. Mimi nilizaa yeye, nitapotea namna gani?" Akanikalisha karibu yake. "Lakini Rajabu alipenda hii kazi kupita chakula. Kama iko hai, sinema mpya ya Afande angefanya yeye. Hangeacha mutu mwingine asalimie mama yake. Ita masheikh. Ijumaa tunasoma."

Nilivuka mpaka kumrudisha kaka yangu, nikarudi na ruhusa ya kumlilia. Nililia mpaka sauti ikakauka. Dua tumesoma Ijumaa iliyopita.

Nilichojifunza: ukisikia sauti ya mtu wako mahali usipotegemea, usikimbilie kwa mzazi. Nenda kwanza peke yako.

Sasa naomba ushauri wenu. Jana yule mzee wa Aru, namba yangu akiwa ameipata kwa dereva, alinitumia voice note akiuliza kama aziondoe zile salamu. Nikimwambia aziondoe, hakuna tena duniani atakayemtaja Mama kwa sauti ile. Nikimwambia aziache, marehemu wetu atakuwa anaruka kila siku saa nane mchana, akiomba aombewe.

Ungekuwa mimi, ungemjibu nini? Sijamjibu bado.